Nani Huyu Tunayemhukumu? Historia ya Mshtakiwa na Haki ya Adhabu katika Uwanda wa Kati

Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika benchi la mahakama ya wilaya anajua jinsi mambo yanavyokwenda mara mshtakiwa anapopatikana na hatia. Hakimu humwuliza mwendesha mashtaka kama mtu huyu ana makosa ya nyuma. Mwendesha mashtaka hufungua jalada na kujibu. Kisha mshtakiwa huulizwa kama ana neno la kusema kabla ya kupewa adhabu. Naye, akiwa amesimama peke yake bila wakili na mdomo umemkauka, husema yale yale yanayosemwa na wenzake: ana mke na watoto, wazazi wake ni wazee, anaomba mahakama imwonee huruma. Maneno hayo huandikwa kwa mstari mmoja au miwili. Adhabu hutolewa. Shughuli yote haizidi dakika chache, na matokeo yake yanaweza kuwa miaka mingi ya maisha ya binadamu.

Katika makala hii tunataka kulichunguza jambo hilo kwa njia ya historia. Tunauliza: Je, mahakama inaweza kutoa adhabu ya haki kwa mtu ambaye haimjui? Na kama haiwezi, ni nani mwenye wajibu wa kumfahamisha hakimu habari za maisha ya mtu huyo? Tumechagua kuliangalia swali hili kutoka Dodoma na uwanda wa kati kwa sababu katika eneo hili hatua zote za historia hiyo zinaonekana wazi: baraza la wazee, mahakama ya kikoloni, sheria kali za miaka ya kwanza ya Uhuru, na kesi kubwa ya mwaka 1994 iliyotikisa sheria ya nchi nzima.

Mtu na historia yake

Hatuwezi kuzungumza juu ya kosa la jinai katika Ugogo bila kuzungumza juu ya mvua. Eneo la Dodoma hupata mvua za msimu mmoja tu, kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, na mara nyingi hazifiki hapo. Katika nchi ya namna hiyo ng'ombe ndiye ghala, ndiye mahari, na ndiye benki ya mkulima mfugaji. Anayeiba ng'ombe huondoa akiba ya ukoo mzima. Ndiyo maana wizi wa mifugo umekuwa kosa zito katika uwanda huu tangu zamani, na sisi hatuna nia ya kulipunguza uzito wake.

Lakini wazee waliokaa barazani kabla ya ukoloni walikuwa na faida moja ambayo hakimu wa leo hana. Walimjua mtu aliyeletwa mbele yao. Walijua ni mtoto wa nani, alilelewa katika boma gani, alikuwa na ugomvi gani na mwenye mali, na kama mwaka ule nyumbani kwao kulikuwa na chakula. Hawakuhitaji taarifa ya maandishi kwa kuwa taarifa ilikuwa ndani ya vichwa vyao. Nia kuu ya baraza ilikuwa kurudisha mali na kurudisha amani kati ya koo, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuamua bila kumfahamu mkosaji pamoja na watu wake.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwa kuipamba jamii ya zamani. Kujulikana na wazee kuliweza kumponza mtu pia. Mwanamke, mgeni, au mtu aliyeshukiwa uchawi aliweza kuhukumiwa kwa sifa yake kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mwenye ukoo mkubwa alikuwa na wasemaji wengi kuliko mwenye ukoo mdogo. Kwa hiyo hatusemi turudi huko. Tunachosema ni kwamba baraza lilishika ukweli mmoja: kosa hutendwa na mtu mwenye historia, na adhabu humwangukia mtu huyo pamoja na watu wanaomtegemea.

Ukoloni wavunja uhusiano huo

Ukoloni ulileta aina nyingine ya mahakama. Ofisa wa serikali ya Kijerumani, na baada yake Mwingereza, alimhukumu mtu asiyemjua, kwa lugha ya kigeni, kwa sheria iliyotungwa mbali. Kanuni ya Adhabu ambayo Waingereza waliitunga kwa ajili ya Tanganyika mwaka 1930 ililitaja kosa na kiasi cha adhabu. Kuhusu mauaji ya kukusudia haikumwachia jaji chaguo lolote, adhabu ilikuwa kifo.

Mfano mmoja unaonyesha hatari ya kutazama kosa bila kutazama historia. Kati ya mwaka 1917 na 1920 uwanda wa kati ulipatwa na njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ukame ulipofika uliwakuta watu hawana akiba. Sasa na tuulize: mtu aliyechukua mbuzi wa jirani katika mwaka kama ule, mahakama ingemwitaje? Kwa daftari la kosa aliitwa mwizi, sawasawa na mwizi wa mwaka wa neema. Dola iliyochukua ng'ombe wake haikuonekana popote katika jalada. Hapa ndipo tunapoona kwamba kufuta historia ya mshtakiwa ni pia njia ya kufuta sehemu ya wengine katika kosa lake.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaweka baadhi ya wakosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni badala ya kuwapeleka gerezani. Ili mahakama iweze kufanya hivyo ilipaswa kwanza kujua umri wa mtu, tabia yake, nyumba anayotoka na mazingira ya kosa. Wazo lilikuwa jema, lakini katika nchi kubwa yenye maafisa wachache sana, mkulima wa kijijini hakuonana na afisa huyo. Mwaka huohuo wa 1947 serikali hiyohiyo ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa. Mitambo ilinunuliwa na pori likafyekwa kabla ya mtu kuchunguza vya kutosha habari za udongo na mvua ambazo wenyeji walizijua. Ilipofika mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa na kiasi cha pauni milioni 36 kimepotea. Kosa la Kongwa na kosa la mahakama linafanana: uamuzi unatangulia, na uchunguzi unafuata wakati hasara imekwisha kutokea.

Sheria ya mwaka 1963

Baada ya Uhuru Taifa letu lilipiga hatua kubwa. Mwaka 1963 watemi waliondolewa katika madaraka yao, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mahakama za wenyeji na mahakama nyingine katika mfumo mmoja. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliketi pamoja na wazee washauri waliotoka miongoni mwa wananchi. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa historia na desturi za Wagogo, alikuwa miongoni mwa wenyeji wa Dodoma waliofanya kazi ya uhakimu. Mtu aliyezichunguza mila za watu wake kiasi cha kuziandikia kitabu hakuwa hakimu mgeni.

Lakini mwaka huohuo wa 1963 Bunge lilipitisha sheria nyingine, Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Sababu zake zilieleweka. Taifa lilikuwa changa na maskini. Watumishi wachache walikuwa wakiiba fedha za umma na za vyama vya ushirika, rushwa ilikuwa inaota mizizi, na wizi wa mifugo ulikuwa unawafilisi wakulima. Viongozi waliona mahakimu wanatoa adhabu nyepesi mno. Basi sheria ikaweka kwamba kwa makosa mengi yaliyoorodheshwa, wizi wa ng'ombe ukiwamo, kifungo kisipungue miaka 2, na mfungwa achapwe viboko 24: 12 anapoingia gerezani na 12 kabla ya kutoka.

Sheria hiyo iliacha mlango mmoja mdogo. Kama mtu alikuwa amekosa kwa mara ya kwanza, na thamani ya mali haikuzidi shilingi 100, na kulikuwa na mazingira ya pekee, hakimu aliweza kumpa adhabu nyingine. Tunaomba msomaji ayapime maneno hayo: mazingira ya pekee. Sheria iliyokuwa kali kuliko zote ilikiri yenyewe kwamba haki haiwezi kupatikana bila kuuliza habari za mtu. Ila haikusema nani atauliza. Kazi hiyo iliachwa kwa mshtakiwa mwenyewe, ambaye mara nyingi hakujua kwamba mlango huo upo. Tena mchunga ng'ombe aliyeiba ng'ombe mmoja aliukuta umefungwa, kwa sababu thamani ya ng'ombe ilizidi shilingi 100 kwa urahisi.

Tuchukue mfano wa kufikiri. Watu wawili wamepatikana na hatia ya wizi wa ng'ombe. Wa kwanza ni kijana wa miaka 19, yatima, aliyelelewa kwa kuchunga mifugo ya watu bila ujira wa maana, na aliyetumwa na mnunuzi wa mnadani aliyemwahidi shati na shilingi chache. Wa pili ni mnunuzi huyo, mwenye duka na gari, ambaye kwa miaka kadhaa amewatuma vijana wa namna hiyo. Sheria ya kipimo kimoja inawaona ni sawa. Kwa kweli haiwaoni hata sawa, kwa sababu mnunuzi hukamatwa mara chache, na akikamatwa huja na wakili anayeeleza kwa kirefu jinsi mteja wake anavyoisaidia jamii. Kijana huja na mstari wake mmoja wa kuomba huruma. Usawa wa maandishi umezaa upendeleo katika vitendo.

Mwaka 1972 sheria hiyo ilibadilishwa. Viboko vya lazima viliondolewa, lakini vifungo vikaongezwa. Mwaka 1989 viboko vilirudishwa kwa makosa ya unyang'anyi, na kifungo cha chini cha unyang'anyi wa kutumia silaha hatimaye kikafika miaka 30. Katika safari hiyo yote mjadala ulihusu zaidi kiasi cha adhabu: miaka mingapi, viboko vingapi. Swali la kumjua anayeadhibiwa lilibaki pembeni.

Siku 42 za Isanga

Haiwezi kusemwa kwamba dola haina uwezo wa kumchunguza mshtakiwa. Uthibitisho uko Dodoma penyewe. Hospitali ya Mirembe imewahudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, na taasisi yake ya Isanga hupokea watu waliopelekwa na mahakama. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mahakama ikiona dalili kwamba mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda tendo lake, inaweza kuagiza awekwe hospitalini, na daktari hutakiwa kuandika taarifa yake ndani ya siku 42. Daktari mwangalifu hawezi kumaliza kazi hiyo kwa kumtazama mgonjwa tu. Hana budi kuuliza: Ugonjwa ulianza lini? Je, kuna wengine katika ukoo wenye hali hiyo? Je, alipata kuumia kichwani, au kuugua kifafa? Ndugu na majirani walimwonaje?

Taarifa hiyo huweza kubadilisha kesi nzima. Mtu aliyekuwa anaitwa muuaji huonekana kuwa mgonjwa, naye hupelekwa mahali pa matibabu badala ya kitanzi. Sasa na tulinganishe. Kwa mtu mmoja dola inatoa siku 42 ili kuijua akili yake. Kwa mtu mwingine, ambaye akili yake ni timamu lakini maisha yake yote yamekuwa mateso, dola inatoa dakika chache na mstari mmoja. Sheria hiyohiyo ya 1985 inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wowote inaoona unafaa kabla ya kutoa adhabu. Ruhusa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kijijini kuutafuta.

Kesi ya Dodoma ya mwaka 1994

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu, na kuanzia mwaka 1988 mahakama zikapata uwezo wa kuzitekeleza. Miaka michache baadaye Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, alisikiliza kesi ya mauaji ya watu wawili. Baada ya kuwaona wana hatia, kabla ya adhabu, lilizuka swali: Je, adhabu ya kifo inapatana na Katiba? Mwaka 1994 Jaji alijibu kwamba haipatani, kwa kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha binadamu, akawapa kifungo cha maisha. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaamua kwamba Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma, na kwamba ni juu ya jamii kuamua hatima yake. Tangu mwaka 1994 hakuna mfungwa aliyenyongwa nchini, ingawa mahakama ziliendelea kuitamka hukumu hiyo.

Mjadala wa Dodoma ulikuwa juu ya kifo chenyewe. Ndani yake, hata hivyo, lilijificha swali la pili lililotuhusu tangu mwanzo: hata kama adhabu hiyo ipo, kwa nini jaji akatazwe kutofautisha kati ya mtu na mtu? Mwanamke aliyepigwa na mumewe kwa miaka na hatimaye akamuua kwa kupanga, na jambazi aliyeua ili aibe, wote wakipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia husomewa hukumu moja. Jaji anaweza kuijua tofauti yao, lakini sheria inamwambia ainyamazie.

Swali hilo la pili lilijibiwa tarehe 28 Novemba 2019, si mbali na uwanda wetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika kesi ya Watanzania watano kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji. Majirani zetu walikuwa wamepita njia hiyo. Mahakama ya Juu ya Uganda iliikataa adhabu ya kifo ya lazima mwaka 2009, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikafanya hivyo kuhusu mauaji tarehe 14 Disemba 2017.

Funzo la Malawi

Lakini nchi yenye funzo kubwa zaidi ni Malawi. Huko mahakama ilifuta adhabu ya kifo ya lazima mwaka 2007. Wafungwa zaidi ya 150 waliokuwa wamehukumiwa chini ya sheria ya zamani walikuwa na haki ya kusikilizwa upya kuhusu adhabu tu. Kuanzia mwaka 2015 kesi hizo zilisikilizwa, na watu walitumwa vijijini kuwauliza ndugu, machifu na majirani habari za kila mfungwa. Yaliyopatikana hayakuwa katika majalada hata kidogo: ugonjwa wa akili usiotibiwa, umri mdogo, umaskini wa kupindukia, watu walioshiriki kidogo tu katika tendo la wengine. Hakuna hata mmoja aliyerudishiwa hukumu ya kifo, na zaidi ya 100 waliachiwa kurudi kwao. Katika vijiji vingi machifu na wazee walisema wako tayari kuwapokea. Sheria ya mauaji na ushahidi wa hatia vilibaki vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mahakama sasa ilijua inamhukumu nani.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba uchunguzi wa namna hii ni huruma kwa wahalifu na ni dharau kwa waliodhurika. Hatukubali. Uchunguzi hauondoi hatia. Hufanyika baada ya hatia kuthibitishwa, na huweza pia kumzidishia mtu adhabu. Ukimchunguza yule mnunuzi wa mnadani utamkuta na historia ya kuwatumia watoto wa maskini. Ukimchunguza mtumishi aliyeiba fedha za ushirika utaona kwamba alisomeshwa kwa jasho la haohao aliowaibia. Na uchunguzi kamili lazima umfikie pia aliyeibiwa au ndugu wa aliyeuawa, ili hasara yao ijulikane kwa kipimo chake na si kwa kukisia.

Wengine watasema kwamba taarifa zitanunuliwa, na kwamba mwenye watu atasemewa vizuri. Hatari hii ni ya kweli, kwani tumeiona hata katika mabaraza ya zamani. Lakini tukumbuke kwamba mwenye mali tayari anasemewa, kwa kuwa wakili wake ndiye mchunguzi wake. Asiyekuwa na msemaji ni mnyonge. Kuacha uchunguzi kwa kuogopa rushwa ni kumwachia tajiri peke yake haki ya kuwa na historia. Dawa ni kuifanya taarifa iwe kazi ya umma, isomwe mahakamani mbele ya pande zote, na kila upande uwe na ruhusa ya kuipinga.

Kazi iliyo mbele

Hatuanzi na mikono mitupu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 iliiwezesha mahakama kumpa mkosaji wa kosa la kifungo kisichozidi miaka 3 kazi ya kuitumikia jamii, baada ya afisa kuchunguza habari zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa Afisa Ustawi wa Jamii nafasi katika mahakama ya watoto, ili maisha ya mtoto yajulikane kabla ya kuamua. Kilichokubaliwa kwa mtoto wa miaka 17 hakiwezi kuwa upuuzi kwa kijana wa miaka 19.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Afisa anakwenda kijijini na maswali machache: Mtu huyu alilelewa na nani? Alisoma, alifanya kazi gani, anawategemeza akina nani? Ana ugonjwa au ulemavu gani? Alifikaje katika kosa hili, na nani alinufaika nalo? Aliyedhurika anataka nini? Kijiji kiko tayari kumpokea? Serikali ya kijiji inaweza kumsaidia afisa huyo kwa siku moja kupata majibu ambayo hakimu mjini hawezi kuyapata kwa mwaka mzima.

TANU ilianza na imani kwamba binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Imani hiyo ina maana nyepesi tukiisema juu ya mtu mwema. Uzito wake huonekana siku tunapoitumia juu ya mtu aliyekosa, anapokuwa kizimbani, hana wakili, na sisi ndio wenye nguvu. Mtu huyo ataadhibiwa, na inastahili aadhibiwe. Lakini kabla ya hapo lazima aweko mtu wa kusimama mbele ya hakimu na kueleza, kwa ukweli wote, mzuri na mbaya, yeye ni nani.